Mlango ni Mmoja

Viatu vyake nilivijua kabla sijamjua mwenyewe. Vilikuwa vyeupe, vya kamba, na kila jioni vilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya nyumba yake pale Sekei, vikikauka baada ya kupakwa chaki. Miaka ya uhaba dawa ya viatu vyeupe haikupatikana, kama ambavyo sabuni na sukari hazikupatikana, kwa hiyo Matroni alisaga vipande vya chaki ya shuleni, akachanganya na maji, akapaka kwa mswaki mzee. Biashara ilipofunguliwa na maduka yakajaa hadi vitu ambavyo hatukujua kazi yake, nilimnunulia chupa ya dawa yenyewe, ya kutoka nje. Alinishukuru, akaiweka kabatini, kesho yake akapaka chaki. Nilipomuuliza alisema ile chupa ni ya siku chaki itakapokwisha. Tulipokuwa tunatoa vitu vyake baada ya mazishi yake tuliikuta bado imefungwa.

Jina alikuwa nalo. Nalijua, lakini silisemi, maana hata yeye akiitwa kwa jina alichelewa kuitika. Kila mtu alimwita Matroni, pamoja na mchungaji wake na bintiye wa kumzaa. Alikuwa mkuu wa wodi ya wazazi katika hospitali moja ya kanisa kule juu, miguuni mwa Mlima Meru, na alipostaafu cheo kilimfuata nyumbani kama paka. Mimi ni fundi cherehani, watu wetu walitoka Tanga zamani, nimezaliwa kwenye mitaa ya zamani ya mjini na kuolewa Sekei. Nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa michongoma wenye tundu moja, na kwenye tundu hilo tulizungumza kwa miaka mingi, yeye upande wake na mimi upande wangu, kama majirani wa mipakani. Nilimshonea gauni za kazi. Yeye alinizalisha watoto wangu wote.

Watu wakimsifia siku hizi wanasema alikuwa mpole. Nani aliwaambia? Matroni alikuwa mkali hadi wanaume walijifunza kusubiri nje ya geti. Kuna mwanamume mmoja alimleta mke wake, akasimama mlangoni mwa wodi akiuliza itachukua muda gani kwa sababu ana ng'ombe wa kupeleka mnadani. Matroni alimtazama kwa utulivu, akamwambia, "Baba, nenda na ng'ombe wako. Huku tukimaliza tutakuita ukiwa na akili." Yule bwana alikaa kwenye benchi mpaka mtoto akalia. Lakini mkewe, msichana wa Kiarusha ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, alipoanza kulia kwa uchungu akimwita mama yake, "Yeyo, yeyo," Matroni aliitika. Aliitika kila mara, mpaka mwisho, kana kwamba ndiye aliyekuwa anaitwa. Hilo nililiona kwa macho yangu, nilikuwa kitanda cha pili.

Alipenda mambo mapya kuliko sisi sote. Simu ya mkononi alikuwa nayo wakati kwenye mtaa wetu zilikuwa za kuhesabika, na alizungumza nayo kwa sauti ya kumfikia mtu wa ng'ambo ya mto. Watu walipozusha kwamba chanjo ya watoto inaua uzazi, alivaa viatu vyake vya chaki akazunguka nyumba kwa nyumba, Sekei mpaka Kimandolu, akiwauliza kina mama nani kati yao alichanjwa utotoni akakosa kuzaa. Kwa hiyo wanaosema alikuwa mtu wa giza na mila za kale hawakumjua. Nasema hivi mapema kwa sababu ya yale yanayokuja.

Sasa kuna hili la kondo. Kule kwao mlimani, mtoto akizaliwa, kondo la nyuma halitupwi. Huchukuliwa na bibi wa mtoto, likazikwa kwenye kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, chini ya mgomba mchanga, na mgomba ule unakuwa wa yule mtoto. Mtu mzima na ndevu zake anaweza kukuonyesha, ule pale ni wangu. Hospitali nyingi zililitupa shimoni. Kwenye wodi ya Matroni hapana. Kila mama aliambiwa kliniki aje na kanga ya mtoto na kitambaa cha kondo, na asubuhi bibi alikabidhiwa furushi lililofungwa vizuri kwa jani la mgomba na kitambaa. Mifuko ya nailoni ilipoingia, muuguzi mmoja kijana akalitia kondo kwenye mfuko mweusi akalifunga fundo. Matroni alimfungulisha mbele ya watu. "Huyu ni ndugu aliyetangulia na mtoto safari nzima," alimwambia. "Unamfunga kama takataka za sokoni?"

Mchungaji wake hakupenda. Aliwahi kumwambia kwamba mzee wa kanisa hafai kushika mambo ya mababu. Matroni akamuuliza la kwake lilizikwa wapi. Mchungaji akacheka, akataja mahali, tena kwa undani, mpaka jirani ya mgomba. Hakumsumbua tena.

Hata yangu mimi, ya watoto wangu, yeye ndiye aliyeyazika. Sisi hatuna kihamba, tuna ua wa saruji na banda la kuku. Alipanda nayo mlimani, akapanda na migomba, na wanangu wa Kitanga wana miti yao kwenye ardhi ya Wameru. Mume wangu alisema huo ni ukarimu ambao huwezi kuurudisha, na kweli hatujaurudisha.

Mjadala ulianzia redioni. Redio za watu binafsi zilikuwa zimefunguliwa mjini na zilikuwa na njaa ya maneno. Habari zikaja kwamba huko nje wataalamu wanachukua mimba changa za siku chache, zilizotungwa kwenye vyombo vya maabara, wanatoa ndani yake seli shina, chembe ambazo bado hazijaamua zitakuwa damu au mfupa au ngozi, ili zitibu magonjwa yasiyotibika. Wakubwa wa huko wanabishana, makanisa yanabishana, na sisi tukaona haiwezekani wabishane peke yao. Kwenye saluni, kwenye foleni ya maji, hata kwangu wanawake wakija kupima gauni, ilikuwa hiyo hiyo. Mwingine aliuliza mimba ya chombo cha maabara inaitwa mtoto wa nani. Mwingine alisema kama inaponya, iponye.

Kwenye tundu la michongoma tulibishana pia. Nilimwambia kwamba mwalimu wetu wa madrasa anafundisha kwamba roho hupulizwa baada ya miezi minne. Matroni alikuwa anachambua mchele.

"Na kabla ya hapo anakuwa nani?" aliniuliza.

"Anakuwa amana," nilisema, kwa sababu ndivyo nilivyomsikia mwalimu.

"Ya nani?"

"Ya Mungu, ya nani tena."

Alipepeta kidogo. "Basi mimi na mwalimu wako hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na anayefungua amana ya mwenzake."

Redio ikaandaa mdahalo kwenye ukumbi wa parokia moja ya Kimandolu, ukirushwa moja kwa moja. Mezani walikaa watatu: mwalimu wa teolojia kutoka chuoni Makumira, daktari kijana aliyekuwa amefungua kliniki yake mjini, na Matroni katika kitenge nilichomshonea mimi. Mwalimu wa teolojia alisema vizuri sana na watu wakaanza kupiga miayo. Yule daktari alikuwa mtu wa adabu. Alisema hata yeye mimba hizo za maabara zinamtia hofu, hazimpi usingizi, lakini ipo njia nyingine isiyomdhuru mtu yeyote. Damu inayobaki kwenye kitovu na kondo, baada ya mtoto kuzaliwa na kulia, nayo ina seli shina. Wenzake wa chuo kimoja cha nje wanazifanyia utafiti, na yeye anawaomba kina mama wa Arusha, kwa hiari yao, wazitoe. "Ni kitu ambacho hata hivyo kinatupwa," alimalizia.

Nilijua hapo amejimaliza.

"Kinatupwa na nani?" Matroni aliuliza. Ukumbi ulicheka. "Mimi nimezalisha tangu wewe hujaota meno na sijatupa hata kimoja. Leo utaomba kondo, kesho utaomba mimba. Mlango ni mmoja."

"Matroni, milango ni miwili," daktari alisema. "Mmoja una mtoto ndani. Mwingine mtoto ameshatoka."

"Mwenye nyumba ndiye anayejua ni miwili," alisema. "Kwa mwizi mlango ni mmoja."

Makofi yalipigwa mpaka mtangazaji akashindwa kuendelea. Na mimi nilipiga, tena kwa nguvu, maana alikuwa wa mtaani kwetu. Yule daktari alitabasamu akaandika kitu, halafu akaacha kuandika. Maneno yale yalitembea mji mzima. Mtoto akiiba sukari aliambiwa mlango ni mmoja. Kina mama walikataa kabisa kutoa damu ya kitovu, wengine hata wakaogopa kuzaa kwenye kliniki yake, na utafiti wake ukafa kabla haujaanza. Matroni hakufurahia kuharibikiwa kwake. Aliniambia kijana yule ana mikono mizuri, amemwona akishona, ila amekutana na watu wabaya.

Bintiye Matroni aliitwa Aikaeli, naye alikuwa na mwana mmoja, Elibariki, tuliyemwita Eli. Ukitaka kumwona Matroni akiwa mjinga, ungemwona na Eli. Yeye aliyewafukuza wanaume wazima alikuwa akipewa amri na mtoto wa chekechea. Eli alipenda loshoro, ule uji mzito wa mahindi na maziwa ya mgando, na aliukataa kama haukupikwa na bibi yake, basi bibi anaacha shughuli zake anapika. Eli aliamua kwamba tundu la michongoma ni lake, tulipe kwa kusema neno la siri. Tulisema. Neno lilikuwa "chapati".

Akaanza kutoka damu puani. Tukasema jua. Akaanza kupata michubuko asiyokumbuka aliipataje, akawa anachoka kwenye ngazi ya mlango. Hospitali kubwa walisema damu yake imesahau kujitengeneza, wakamwongezea ya watu wengine, akachangamka, ikaisha, akarudi tena. Wakati huo Aikaeli alikuwa mjamzito, mimba kubwa tayari.

Ndipo yule daktari alipokuja Sekei. Alikuja mwenyewe, mchana, kwa miguu, na mimi nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nampima Aikaeli gauni. Alisalimia, "Shikamoo Matroni," akaitikiwa, akapewa kiti. Akasema amesikia habari za Eli. Akasema mtoto anayekuja ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja, na huenda damu zao zikaoana. Wenzake wana chombo cha kugandisha damu ya kitovu, anaweza kuwaita wawepo siku hiyo, damu ikahifadhiwa kwa ajili ya Eli, huenda ikamsaidia kutengenezewa damu upya. Alisema huenda. Hakuahidi, namshuhudia hilo.

Matroni alimsikiliza akiwa ameshika mikono yake mapajani. Aikaeli alikuwa anamtazama mama yake, si daktari. Sote tulikuwa tunamtazama yeye, ndivyo tulivyozoea.

"Mwanangu," alisema, "umekosa kwenye ukumbi, sasa umekuja na mjukuu wangu mkononi?"

"Matroni, hili si la utafiti. Ni la Eli."

"Mimi hilo nitalijuaje?"

Kwa kweli angemwonyesha nini? Kijana alikunywa chai aliyopewa yote, kwa heshima, akaaga. Aikaeli akauliza, kwa sauti ndogo, kama wasingejaribu tu. Matroni akasema mtu akishasema jambo mbele ya mji mzima, kina mama wakamwamini, hawezi kulivunja jikoni kwake kwa sababu zamu imemfikia. Niliona ni maneno ya mtu mkubwa. Bado naona ni maneno ya mtu mkubwa, na hilo ndilo linaloniuma.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Matroni alimpokea kwa mikono yake, akalifunga kondo kwa jani na kitambaa, akapanda nalo mlimani siku ile ile akalizika.

Miezi michache baadaye kanisa, msikiti na ndugu walichangia, Eli na mama yake wakapelekwa India, na kichanga mgongoni kwa sababu alikuwa bado ananyonya. Aikaeli alinisimulia yaliyotokea huko mara moja tu. Waliwapima wote. Daktari wa kule akafurahi, akasema damu ya Eli na ya dada yake zimeoana vizuri sana, ni nadra. Akauliza, huyu mdogo alipozaliwa mlihifadhi damu ya kitovu? Aikaeli alisema hapana. Daktari akasema si neno, kichanga akikua kidogo atatolewa uboho wa mifupa badala yake, kwa sasa ni mdogo mno, rudini nyumbani mwongezewe damu na kusubiri. Wakarudi kusubiri.

Eli hakusubiri. Alifariki mvua za masika zikiwa zimeanza, asubuhi, dada yake akiwa ameshaanza kusimama kwa kushikilia vitu.

Walimzika mlimani kwenye kihamba, kama ilivyo desturi. Matroni alitembea mwenyewe, akaimba sehemu yake ya kwaya, hakukosea neno. Watu wakasema ana moyo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikaona viatu vyake. Havikupakwa chaki. Nililia kwa ajili ya viatu kuliko nilivyolia kwa ajili ya jeneza, sijui kwa nini mtu anakuwa hivyo.

Baada ya hapo alihamia mlimani moja kwa moja. Nyumba ya Sekei akapangisha walimu. Tundu la michongoma likajiziba. Redio ilimtafuta mara moja, wakitaka aje kueleza tena msimamo wake kwa sababu habari za seli shina zilikuwa zimerudi kwenye magazeti. Aliwaambia amesahau alichosema. Watu waliomheshimu waliendelea kusema maneno yake, mlango ni mmoja, hata mbele yake, kwa nia njema kabisa, naye aliwaacha wamalize. Hakuna aliyemlaumu. Aikaeli hakumlaumu. Nafikiri angelaumiwa ingekuwa nafuu, angepata mtu wa kugombana naye.

Mara ya mwisho kukaa naye vizuri nilipanda mlimani nikiwa na habari njema. Binti yangu Zuhura, aliyemzalisha mwenyewe, alikuwa na ujauzito wa kwanza. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba akimenya ndizi za kupika, amezeeka, mikono imeanza kutetemeka. Alifurahi kwelikweli. Aliuliza maswali yote ya kazi, miguu inavimba, presha wanapima, anakula nini. Kisha nikamwambia kilichonipeleka. Nilitaka la mtoto wa Zuhura nalo aje alizike yeye, kwenye migomba ile ile, kama alivyofanya kwetu sote.

Alichukua ndizi nyingine akaanza kuimenya.

"Mwambie Zuhura amuulize daktari kwanza," alisema. "Kama kuna mtu anaumwa, kama kuna mtu ataihitaji ile damu. Aulize kabla, asingoje."

"Na akisema hakuna?"

"Basi niletee. Nitakuwa nipo."

Nilitaka kumwambia kwamba haikuwa kosa lake, kwamba hata yule daktari alisema huenda. Nilikuwa nimejiandaa nalo njia nzima. Nilimtazama nikaona ameshajiambia hilo mara nyingi kuliko ningeweza mimi, na halikumsaidia, nikachukua kisu kingine nikamsaidia kumenya.

Mjukuu wake alikuja kutoka shule, yule wa kike, mrefu sasa, na sketi imeshaanza kuwa fupi. Akanisalimia, akaweka mfuko wake, akatazama migomba. Mwalimu alikuwa amewaambia wasimulie desturi za nyumbani.

"Bibi," alisema, "binamu zangu wote wanajua mgomba wao. Wa kwangu hujawahi kunionyesha."

Karibu na kaburi la Eli kulikuwa na shina moja lililojaa, na mkungu wake ulikuwa umeivia juu kabisa, umepasuka, ndege wanakula. Nilikuwa nimeuona tangu nifike na kushangaa, kwa sababu Matroni hakuwa mtu wa kuacha chakula kiharibike. Chini kulikuwa na mkungu mwingine wa zamani uliooza pale pale ulipoangukia.

Matroni aliweka kisu chini. "Ule pale," alisema. "Wenye ndege."

"Ule? Mbona haukatwi?"

"Kwa sababu si wako peke yako." Alinyoosha mkono, msichana akamshika, akamwinua. "Ndani ya kondo lako kulikuwa na fungu la kaka yako. Mimi ndiye niliyelizika."

Msichana alimtazama, hakuelewa bado, akamshika kiuno asianguke.

"Lete panga," Matroni alimwambia. "Twende tukaukate, nikueleze."

Nilibaki na ndizi.